Rubani wa Rufiji



Jumapili moja baada ya Misa palizuka ubishi chini ya mti ulio mbele ya ofisi ya parokia. Mimi nilikuwa ndani, nikiandika majina ya watoto wa ubatizo, nikawasikia. Kijana mmoja wa shule alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ziko manowari zinazobeba ndege mgongoni, na kwamba ndege hizo huruka kutoka juu ya meli, zikapigana, kisha zikarudi kutua papo hapo katikati ya bahari. Mzee mmoja aliyekaa juu ya gogo alicheka akasema, "Mjukuu wangu, sisi watu wa Ugogo bahari hatuijui, lakini usitudanganye kiasi hicho. Ndege hutua uwanjani." Basi kijana akaja dirishani kwangu kuniomba niwe mwamuzi.

Nilimwambia kijana kwamba ameshinda. Mzee naye nikamwambia asione haya, maana hata wakubwa wengi wa majeshi ya majini huko Ulaya na Marekani hawakuisadiki habari hiyo ilipoanza. Kisha nikawaahidi wote wawili kwamba nitaiandika katika ukurasa wetu huu, kwa sababu sura moja ya mwanzo ya kazi hiyo ilitendeka katika nchi yetu wenyewe, kwenye mto Rufiji, na moshi wake ulifika mpaka kwetu bara. Tena Rufiji si mgeni kwetu. Maji ya Ruaha Mkuu yanayokusanyika Mtera, kusini mwa wilaya yetu ya Chamwino, huteremka na kuingia Rufiji, na kwa njia hiyo yakafika baharini.

Tuanze basi. Mwezi Juni 1914 iliwasili Dar es Salaam manowari ya Wajerumani, jina lake Königsberg. Ilikuwa na mizinga 10 mikubwa, na nahodha wake aliitwa Max Looff. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi Agosti, manowari hiyo ilikwisha kutoka bandarini, ikaenda upande wa Uarabuni na kukamata meli ya biashara ya Waingereza, City of Winchester. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, iliikuta manowari ya Kiingereza Pegasus imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo yake, ikaipiga mpaka ikazama. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa.

Lakini Königsberg yenyewe nayo iliharibika mitambo. Nahodha Looff akaiingiza katika delta ya Rufiji, akaificha. Msomaji ambaye hajaona mahali pale afikirie hivi: mto mmoja unakaribia bahari, ukagawanyika kuwa midomo mingi, na katikati ya midomo hiyo yote ni misitu ya mikoko, matope na visiwa vinavyofanana. Vifaa vya mitambo vilivyoharibika vilivutwa kwa nguvu za mikono ya watu, kwa nchi kavu, mpaka karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikavutwa tena kurudi. Manowari yenyewe ilifunikwa matawi ya miti ili isionekane.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba 1914, ila kugundua na kufikia ni mambo mawili. Manowari zao kubwa hazikuweza kupita kwenye maji machache ya mdomo wa mto. Mizinga yao ilikuwa na nguvu, lakini haikuwa na macho. Mtu anaweza kuwa na mkuki mkali na mkono hodari, lakini akiwa amefungwa kitambaa usoni atauchoma mti na kuacha mnyama.

Hapo ndipo ndege zilipoingia katika habari yetu.

Wakati ule ndege ilikuwa kitu kipya kabisa. Mwaka 1910 Mmarekani Eugene Ely alikuwa ameruka kutoka juu ya meli kwa mara ya kwanza, na mwezi Januari 1911 akatua juu ya meli nyingine. Wengi waliona ni mchezo wa kutazamwa na watu, si kazi ya vita. Maofisa wachache tu wa majini ndio waliosema kwamba siku zinakuja ambapo meli isiyo na ndege itakuwa kama kipofu. Wachache hao hawakuwa na njia ya kuwashawishi wenzao ila moja, nayo ni kuonyesha kwa vitendo.

Wa kwanza kujaribu kule Rufiji hakuwa ofisa wa zamani wa majini. Alikuwa raia aliyerusha ndege Afrika ya Kusini, Bwana Cutler. Alitwaliwa pamoja na ndege yake ya kutua majini, akaletwa kwa meli mpaka kisiwa kidogo cha Niororo, karibu na Mafia. Ndege yake ilikuwa kuukuu na ilivuja. Kifaa chake cha kupozea injini kilipoharibika, kilitafutwa kingine Mombasa, kikapatikana cha motokaa ya Ford. Kwa ndege hiyo ya viraka, mwezi Novemba 1914, Bwana Cutler aliruka juu ya mikoko akaiona Königsberg. Mwezi Desemba injini ilimzimikia, akaanguka mtoni, Wajerumani wakamkamata.

Mwezi Februari 1915 akaja mtu ambaye ndiye ninayetaka hasa mumjue. Jina lake John Tulloch Cull, ofisa wa kikosi cha ndege cha jeshi la majini la Uingereza. Alileta ndege mbili za kutua majini, na mara moja nchi yetu ikamfundisha adabu. Joto na unyevu wa pwani vililegeza gundi ya mbao, injini zikakosa nguvu, na ndege hazikuweza kupanda na mzigo. Mwezi Aprili zikaletwa nyingine 3 za aina tofauti. Hizo nazo ziliruka chini mno, hata askari wa kwenye mikoko waliweza kuzipiga kwa bunduki. Hata hivyo, kabla ya mwezi ule kwisha, Cull alikuwa amepita juu ya manowari ile na kuleta picha zake. Sasa wakubwa wake hawakuhitaji tena kubahatisha. Waliiona kwa macho yao juu ya meza.

Lakini picha haizamishi meli. Wakaletwa wenzi wawili wa kazi. Wa kwanza walikuwa manowari mbili ndogo, Severn na Mersey, zenye tumbo bapa zinazoweza kupita katika maji machache, zikavutwa kutoka Malta kwa safari ndefu. Wa pili zilikuwa ndege 4 za magurudumu, zinazotua nchi kavu. Kwa ajili yake likafyekwa shamba Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekwisha kukiteka mwezi Januari, likafanywa uwanja. Mkubwa wa kikosi sasa alikuwa Bwana Gordon, na Cull akawa rubani wa mbele.

Naomba tusimame kidogo katika neno hilo, rubani. Leo tukilisema tunamfikiria mtu wa ndege. Lakini watu wa pwani walikuwa nalo tangu zamani, kabla ya ndege kuwako. Kwao rubani ni mtu anayezijua njia za maji, anayeiongoza meli kupita kati ya miamba na mafungu ya mchanga mpaka bandarini. Mwenye chombo ni mwingine, mwenye mali ni mwingine, lakini bila rubani wote huangamia. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Cull kule Rufiji: kuziongoza meli zisizoona.

Tarehe 6 Julai 1915 alfajiri, Severn na Mersey ziliingia mtoni. Zilitia nanga mbali sana na Königsberg, msitu mzima katikati, hata mpiga mzinga hakuona anachokipiga. Ndege ilizunguka juu, na mtu wa pili ndani yake alipeleka habari kwa simu ya upepo, kwa alama fupi fupi: limepita, limepungua, kushoto, kulia. Wapigaji wakarekebisha mizinga na kupiga tena. Siku ile kazi haikwisha. Ndege zilipeana zamu kutoka Mafia, na kila zilipobadilishana, mizinga ilikuwa kipofu tena. Makombora zaidi ya 600 yalipigwa. Mersey ilipigwa, mabaharia wake wakafa, na jioni wakarudi nyuma. Königsberg ilijeruhiwa, lakini ilikuwa ingali hai.

Tarehe 11 Julai wakarudi. Mchana ule angani alikuwako Cull, na nyuma yake mwenziwe Arnold, kijana wa Kanada, akishika simu. Severn ilianza kupiga. Arnold akatuma alama: limepita. Tena: limekaribia. Baada ya mapigo machache makombora yakaanza kuangukia manowari yenyewe. Lakini Wajerumani nao waliilenga ndege, wakaipiga, na injini ikafa.

Fikiri, msomaji wangu. Uko juu ya mikoko, mto umejaa mamba, injini imenyamaza, na ndege inateremka. Mtu gani hapo asingeshughulikia roho yake tu? Cull aliinyosha ndege iteremke polepole kuelekea kwa wenzao. Arnold, huku wanashuka, alituma habari kwamba wamepigwa, kisha akaendelea kutuma marekebisho ya mizinga. Makombora yaliyoipiga Königsberg katika dakika zile yaliongozwa na watu wawili waliokuwa wakianguka. Ndege ilijipiga majini karibu na Mersey ikapinduka. Arnold akarushwa nje. Cull alikuwa amefungwa mkanda kitini, akazama na ndege, akajinasua kwa taabu, mwenziwe akimjia kumsaidia. Mashua ya Mersey ikawaokoa wote wawili.

Alasiri ya siku ile Nahodha Looff aliivunja manowari yake mwenyewe kwa baruti, ikakaa chini matopeni. Cull na Arnold walipewa nishani. Cull akabaki Afrika ya Mashariki, akapelekwa bara upande wa Maktau kulitumikia jeshi la nchi kavu.

Habari za Rufiji zilikuwa ushahidi mmoja mikononi mwa wale waliotetea ndege za majini. Rufiji ilikuwa imewafundisha pia kasoro: ndege yenye maboya ya kuelea ni dhaifu, na ndege ya magurudumu hudai uwanja, na Mafia haipatikani kila baharini. Basi ilibidi meli yenyewe iwe uwanja. Tarehe 2 Agosti 1917 ofisa Edwin Dunning alitua juu ya manowari Furious ikiwa mwendoni, wenzake wakiishika ndege kwa mikono. Siku tano baadaye alijaribu tena, ndege ikaangukia majini, akafa. Mwaka 1918 ikatoka Argus, meli ya kwanza yenye sakafu tupu tangu mbele hadi nyuma, ndege ziruke na kutua. Marekani nako akasimama Amirali William Moffett, aliyeiongoza idara ya ndege za majini tangu 1921, akipigania fedha na meli na vijana wa kuzirusha, mpaka alipokufa katika ajali ya chombo cha hewa Akron mwezi Aprili 1933. Watu hawa hawakushinda kwa maneno. Walishinda kwa kazi, na wengine kwa maisha yao.

Na matunda ya kazi yao yalirudi kwetu. Mwezi Aprili 1942 ndege za Wajapani, zilizoletwa na manowari za kubeba ndege, ziliipiga Ceylon na kuzamisha meli za Waingereza, na jeshi la majini la Waingereza likaja kujihifadhi Kilindini, Mombasa. Mwezi Mei ndege za manowari Illustrious na Indomitable ziliisaidia safari ya kuteka Diego Suarez, Madagaska, na mwaka ule ule askari wa K.A.R. kutoka nchi zetu wakapelekwa huko. Tena, askari wetu walipoasi mwezi Januari 1964, Mwalimu Nyerere aliomba msaada kwa uchungu, na alfajiri ya tarehe 25 helikopta ziliruka kutoka manowari Centaur iliyokuwa mbele ya Dar es Salaam, zikateremsha askari wa Kiingereza kwenye kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Kwa hiyo yule mzee wetu wa kwenye gogo ajue: uwanja unaoelea umekwisha kufika mlangoni petu.

Ningeweza kuishia hapo, mkasema ni hadithi ya ushujaa. Lakini niliwaahidi moshi uliofika Ugogo, nami karani sipendi deni.

Königsberg ilikufa, lakini mizinga yake haikufa. Wajerumani waliitoa majini yote 10, wakaipeleka Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu. Kisha ikapandishwa bara. Mmoja ulifungwa juu ya meli Graf von Götzen katika ziwa Tanganyika, na mwezi Juni 1916 ndege za majini za Wabelgiji zikaja kuipiga meli hiyo Kigoma. Ndiyo meli ile ile ambayo baadaye mliijua kwa jina la Liemba, iliyokuwa imepita Dodoma katika mabehewa, vipande vipande ndani ya makasha. Na mwezi Mei 1916 mizinga ya Königsberg ilinguruma Kondoa Irangi, jirani zetu wa kaskazini, ikilipiga jeshi la Jenerali van Deventer. Mwisho wa Julai jeshi hilo likaingia Dodoma.

Nani aliyeivuta mizinga hiyo milimani? Nani aliyebeba makombora, unga na mahema ya pande zote mbili? Ni wapagazi. Upande wa Waingereza peke yao, waliokufa kwa njaa, kuhara na uchovu wanakadiriwa zaidi ya 90,000. Jina lao limebaki sokoni tu: Kariakoo. Na hapa kwetu majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kazi, mmoja baada ya mwingine. Mvua ilipokosa, ghala zilikuwa tupu na mikono ya kulima haikuwako. Ndipo ikaja njaa ambayo wazee wa Kigogo waliiita Mtunya, tangu 1917 mpaka 1920. Inakadiriwa kwamba katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo, walikufa 30,000. Katika kila watano, mmoja.

Cull aliiona Königsberg kutoka juu, hata iliyofichwa kwa matawi. Huo ulikuwa wajibu wake, naye aliutimiza mpaka ndege ikamfia mikononi. Mimi simlaumu. Lakini ziko picha ambazo hakuna ndege iliyoleta mezani kwa wakubwa: mpagazi aliyeanguka njiani, na mama wa Chamwino akichimba mizizi ya porini. Hao hawakufichwa kwa matawi. Hawakutafutwa tu.

Mnamkumbuka Zakayo. Alikuwa mfupi, akapanda mkuyu ili aone, akaona vizuri. Bwana hakumkemea kwa kupanda. Ila alimwambia ashuke upesi, kwa sababu kazi ilikuwa chini, nyumbani, mezani, pamoja na watu aliowadhulumu. Kupanda ni kwema. Mwalimu hupanda kwa elimu, kiongozi hupanda kwa cheo, na mwana wetu akipata kurusha ndege tutamwombea Misa ya shukrani. Lakini macho yaliyopandishwa juu yamepewa kazi ya rubani wa zamani: kuwaongoza walio chini wasigonge mwamba.

Yule kijana wa shule aliniuliza mwishoni kama na yeye anaweza kuwa rubani. Nilimjibu kwamba anaweza, ashike hesabu, asiogope kuchekwa. Kisha nikamwambia aende kwanza kwa yule mzee pale kwenye gogo, amwulize babu zake walikula nini wakati wa Mtunya. Alikwenda. Nilipofunga ofisi jioni, walikuwa wangali wamekaa wote wawili, mzee anasema, kijana anasikiliza.

Nanyi wasomaji, kama nyumbani mwenu yuko mzee anayeyakumbuka masimulizi ya wazazi wake juu ya wapagazi au juu ya njaa ile, mketi karibu naye Jumapili hii, mwandike majina. Wengi wao hawakuandikwa katika daftari lo lote. Tuwaandike sisi, tuwaombee.

Wenu katika Kristu,
Karani wa Parokia, Chamwino